Mpira Nilioukata kwenye Gongo la Mjomba

Jamani, naona aibu hata kuanza, maana mpaka leo nikipita Makote watoto wananiuliza, "Mama Fadhila, leo hujaja na bunduki?" na mimi najifanya sisikii, nakaza mwendo kama mtu anayewahi msiba. Lakini bora niseme mwenyewe kuliko kusimuliwa na mashemeji zangu, ambao wametia chumvi mpaka chakula hakiliki (kwao wao eti nilimpiga mtu, wallahi sikumpiga mtu, nilipiga dumu).

Mambo yalianza na shamba. Marehemu mama aliacha mikorosho yake Makote, na kwetu, mali ya mama haipiti hivi hivi, lazima kaka yake akae na ndugu waseme nani ashike. Kaka yake ndiye Mjomba Bakari, mzee wa maneno machache, akisema limesemwa. Alinipa nijaribu msimu mmoja, na msimu huohuo ngedere wakashuka kama wameandikiwa barua, wakavunja matawi na kutafuna mabibo machanga, korosho zikadondoka kabla hazijakomaa, na mimi niko peke yangu kwa sababu Baba Fadhila anafundisha Masasi, anarudi mwisho wa mwezi tu. Mjomba akanipigia simu. Hakugomba, afadhali angegomba.

"Shamba la dada yangu linaliwa na ngedere," akasema. "Jumamosi ijayo nakuja na ndugu. Kama hujapata njia ya kulilinda, atashika Ismaili."

Ismaili ni mdogo wangu na nampenda, lakini anauza simu Masasi, hilo shamba angelikodisha kwa watu kabla hajamaliza kusema asante. Mikorosho ile mama aliipanda mimi nikiwa mgongoni, nimekulia kwenye vivuli vyake, naijua mmoja mmoja ulipo na tabia zake. Nikasema hapana, haliondoki shamba hapa, labda niondoke mimi.

Sasa Baba Fadhila ana bunduki yake ya upepo, ile ya kukunja mtutu na kutia kijirisasi kidogo kama punje ya mtama (kibali chake kipo kabatini ndani ya bahasha, msije mkanisingizia). Nikapata akili, na akili yenyewe ilikuwa nzuri, hilo sijutii. Nitundike vipande vya mabati kwenye mikorosho, ngedere wakija nipige bati, likilia wanakimbia wote bila kuumia hata mmoja. Shida ikawa bunduki. Kitako chake ni cha mti mzito kama mchi wa kutwangia, tena kirefu, kimetengenezwa kwa ajili ya dume refu kama Baba Fadhila, na mimi Mungu aliponiumba nadhani udongo ulikuwa unakaribia kwisha. Nikipiga mara mbili mkono unatetemeka, ya tatu napiga mawingu.

Nilichohitaji ni kitako chepesi, kinachorefuka na kufupika, nikitumie mimi na akitumie mume wangu. Na kumbe kilikuwa nyumbani muda wote, nyuma ya magunia! Miaka miwili nyuma Mjomba Bakari alivunjika mguu, akauguzwa kwangu, akapewa magongo mawili ya kutembelea (ya kutembelea, si lile la kwenye chupa), na alipopona akaondoka na moja, la pili akaliacha pembeni. Bomba la alumini, jepesi kama ua, lina matundu na kitufe cha kubonyeza, unavuta linarefuka, unasukuma linafupika. Nilicheka kwa furaha peke yangu pale stoo.

Ila lilikuwa limezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umekazwa mno, rangi nyeusi, vumbi, yaani sura mbaya, na isitoshe ulikuwa unazuia bomba lisirefuke. Simu ilikuwa mkononi. Salio lilikuwepo. Ningeweza kusema, "Shikamoo mjomba, samahani, huu mpira uliufungia nini?" Nikachukua kisu nikaukata.

Nikalipeleka Masasi kwa fundi anayetengeneza madirisha, akalikata, akalifunga kwenye bunduki kwa bolti mbili na kipande cha mbao ya msufi, kazi safi. Alama ya mpira ilikuwa bado inaonekana, akaniuliza, "Mama, hapa palifungwa nini?" Nikamjibu, "Ah, urembo wa wazee." Fundi akanitazama kidogo, akaendelea na kazi yake.

Wiki nzima nikafanya mazoezi. Nilikuwa nakiweka kitako kimefupika kabisa, ndio saizi yangu, na nilikuwa napiga bati, jamani, kati ya mara kumi nakosa moja, na hiyo moja ni kwa sababu ya kuku. Nikawa natembea uani kwangu kama mkuu wa kikosi.

Jumamosi wakaja. Mjomba kwenye kiti cha plastiki, mashangazi na mashemeji kwenye mikeka, Ismaili kavaa miwani ya jua. Maji, si mnajua maji ya huku kwetu, nilikuwa nimemwagiza Kibwana muuza maji, akaleta madumu sita kwenye baiskeli, matatu huku na matatu huku, akaiegemeza kwa kipande cha mti anachoiegemezea, pembeni kulia mwa uwanja, karibu na mikeka, aende kwanza akanywe uji. Watu wote niliwaweka nyuma yangu (hilo angalau nililifanya vizuri, liandikwe). Bati likining'inia kwenye mkorosho wa mbele.

Mjomba akaitazama bunduki. Akainamisha kichwa.

"Hiki kitako nakifahamu mimi."

Na mimi, kwa kiwewe cha kuulizwa, nikasema, "Vipo vingi Masasi siku hizi, mjomba."

Nimemdanganya mjomba wangu mchana kweupe, mbele ya mashangazi. Na badala ya kupiga haraka yaishe, nikaona niongeze maonyesho. Nikasema waone kinavyorefuka, maana huo ndio ufundi wenyewe. Nikavuta matundu mawili, kitufe kikalia tik, watu wakaitikia "Aaah!", Ismaili akavua miwani. Nikapiga bismillahi, nikaweka kitako begani, nikakivuta kwa nguvu kama nilivyozoea, kitufe kikaingia ndani na kitako kikafupika ghafla, bunduki ikanijia usoni, chuma kikanipiga puani, kidole kikafyatua, mtutu ulishakwenda kulia, na tukasikia "pu!" Si mlio wa bati. Kisha tukasikia chiriii.

Dumu la Kibwana lilikuwa limetoboka, na maji yanaruka kama bomba la shule.

Hapo mtu mwenye busara angeweka bunduki chini na kuita msaada. Mimi niliweka bunduki chini na kukimbia kuziba tundu kwa kidole. Kidole kikaziba, lakini maji yakapita pembeni, nikasema nilivute dumu nililaze, nikalivuta, mti wa kuegemezea ukateleza, na baiskeli yote na madumu yake sita ikaja upande wangu. Nikaruka. Vifuniko vikafyatuka kimoja baada ya kingine, na maji ya watu, maji yaliyopandishwa mlima kwa miguu ya Kibwana, yakatiririka hadi kwenye mikeka, mashangazi wakainuka wameshika kanga, viatu vya Ismaili vikaanza safari. Kibwana akatoka na kikombe chake cha uji, akasimama. Mimi damu puani, matope magotini, kidole bado nimekichomeka kwenye dumu tupu.

Ismaili akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, ngedere wenyewe wangekuonea huruma!"

Niliumia, siwezi kuficha. Niliona mikorosho ya mama inaondoka kwa sauti ya kicheko kile. Nikafuta pua, nikasema, "Mjomba, naomba usiseme chochote mpaka nirudishe maji ya Kibwana." Nikachukua dumu zima la kwanza, nikajitwika, nikashuka bombani. Ile njia ya kupanda mnaijua. Nilikwenda na kurudi mara tano kwa kichwa changu, na badala ya dumu lililotoboka nikampa Kibwana jipya la kwangu la ndani, nikajaza na hilo. Safari ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka tena. Ya sita Ismaili alitaka kunipokea, nikamwambia asiguse.

Nilipotua la mwisho nikamkuta Mjomba kaipakata bunduki. Nikapiga magoti palepale kwenye tope.

"Mjomba, ni gongo lako. Nimelichukua bila kuuliza, mpira wako nimeukata, tena nimekudanganya."

Akasema kwa sauti ndogo, lakini mashangazi wana masikio.

"Kile kitufe kibovu toka siku ya kwanza. Sikukuu ya Idi kiliingia ndani nikaanguka mlangoni kwa nsikiti, kofia huku, nguo juu, watu wote wanatazama. Nikafunga mpira, nikanyamaza. Sikutaka ntu ajue. Ningekwambia, ntoto wa dada yangu, usingeumia pua."

Shangazi mkubwa akaanza kucheka, Mjomba mwenyewe akafuata, na mimi nikacheka na pua inauma.

Kibwana akatoa kipande cha tyubu kuukuu kwenye keria ya baiskeli yake. Mjomba akakivuta, akazungusha kwenye kitako pale kwenye saizi yangu, akakaza kwa meno, akanipa.

"Piga."

Safari hii baiskeli niliihamisha mwenyewe. Nikavuta kitako kwa mikono miwili, hakikwenda popote. Nikapiga, bati likalia mpaka kuku wakatawanyika.

"Shika shamba," Mjomba akasema. "Ismaili, wewe kauze simu."

Kwa hiyo mikorosho ninayo, na msimu uliofuata ngedere walihamia kwa jirani (tumeshaelewana, nimemfundisha habari ya mabati). Baba Fadhila aliporudi akauliza kwa nini kitako kipya hakirefuki, nikamwambia akunje mikono. Mpira bado upo, mweusi, mbaya, na fundi wa Masasi amenipa ofa ya kuniwekea kitufe kipya ili niutoe. Nimekataa. Siku hizi nikikuta kitu kimefungwa, hata kama ni kamba juu ya mlango wa choo, nauliza kwanza nani aliifunga, na alianguka wapi.