Kidole cha Anayepokea

Vidole vya Bibiane vilikuwa vimekwisha. Kamba ya mizigo, ambayo tangu usichana huipitisha kwenye paji la uso na kuikaza kwa mikono miwili, ilikuwa imezisugua ncha za vidole hivyo zikawa laini kama kipande cha sabuni, bila alama yoyote. Ndiyo maana, depo ya dawa ya Muhumba ilipoanza kuandikisha wabebaji kwa simu, alibonyeza kidole gumba, akabonyeza na kingine, simu ikavikataa vyote.

"Inasema haikujui, maman," alisema Larissa, binti aliyeanza kazi depo karibuni, akizuia kicheko.

"Haiko wa kwanza."

Larissa akampiga picha badala yake, huku akimweleza kwamba sasa simu ya depo na ya kituo cha afya zinaongea. Mzigo ukifika, mpokeaji anabonyeza kidole chake, na depo inauona papo hapo.

Bibiane alishika neno moja: mpokeaji.

Mwaka uliopita alipandisha katoni za seramu, yale maji ya dripu, hadi kituo kile cha mlimani, mahali gari haifiki. Polycarpe, muuguzi mkuu, alizipokea kwa mikono yake, kisha akaapa mbele ya wakubwa kuwa moja haikufika. Walimwamini yeye, alikuwa na koti jeupe na Kifaransa. Bibiane akawa mwizi hata mbele ya wenzake wa kanisani, na depo ikamfukuza. Sasa ilikuwa imemrudisha kwa onyo: katoni nyingine ikipotea, asionekane tena pale.

Alipanda na katoni za seramu mgongoni, udongo ukiteleza kwa mvua. Polycarpe alimpokea mlangoni, akamwambia aziingize ndani, mambo ya simu wangeyamaliza baadaye kwa kuwa haikuwa na chaji.

Bibiane hakuinama.

"Tua kwanza, maman. Utavunjika mugongo."

"Mugongo ni yangu. Weka kidole."

Jasho lilimwingia machoni, naye hakuachia kamba ili alifute. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakawageukia. Mwanaume mmoja, ambaye mke wake alikuwa amelazwa ndani, akasimama.

"Papa Polycarpe, bonyeza basi. Bibi yangu iko anangojea ile seramu."

Polycarpe akamgeukia Bibiane. "Unaniona mimi mwizi?"

"Ile jina uliyonipa mwaka jana, hukungojea simu."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa, na kikohozi chenyewe kilifanana sana na kicheko. Polycarpe akatia mkono mfukoni. Simu ilitoka ikiwaka, chaji imejaa. Akazihesabu katoni zikiwa bado mgongoni, akabonyeza.

Muda si muda kisimu cha Bibiane kikalia kiunoni. Alimwomba yule mwanaume akitoe na kumwekea sikioni.

"Maman," alisema Larissa, "naziona. Zote."

Hapo ndipo alipopiga magoti na kuutua mzigo taratibu, miguuni pa Polycarpe. Akakunja kamba yake, akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akaomba maji ya kunywa.

Polycarpe alikwenda kuyaleta mwenyewe. Bibiane akayanywa bila haraka.