Usimpe Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Lambwe, Homa Bay, nilikimbia. Nawaambia mapema, nyinyi vijana mnaovaa sare leo, msije mkadhani mnasimuliwa na shujaa. Nilikuwa askari mpya wa wanyamapori, buti zinanibana, na fisi alipochomoka kichakani nikatimua mbio. Fisi, aliyekuwa akienda zake, akageuka kunifuata. Sajenti wa kituo alisimama palepale, akapiga kelele na kupunga fimbo, na fisi akaondoka.

"Wewe kijana," akaniambia nikihema, "yule hakuwa na haja nawe. Umemwita kwa visigino vyako. Mla nyama akiona kitu kinakimbia, miguu yake hufuata kabla hajafikiri. Ukikutana naye, simama. Usimpe mgongo."

Sajenti yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini hakumchukia mnyama yeyote. Alinifundisha kusoma unyayo: chui huficha kucha akitembea, fisi huacha alama za kucha ardhini, tena mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Mavi yake yakikauka huwa meupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa anayotafuna. "Ana njaa, ana watoto," alikuwa akisema. "Hana ubaya na mtu."

Baada ya miaka mingi nikahamishiwa Migori, upande wa Nyatike. Kazi yetu ilikuwa kufika panapolalamikiwa wanyama, kukagua na kuandika ripoti. Asubuhi moja nikaitwa Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Mbuzi wawili wa mjane mmoja, Min Atieno, yaani mama yake Atieno, walikuwa wametoweka. Nilipofika, hakuna aliyenionyesha zizi. Watu walikuwa wameshampata mwizi wao: Ouma, mchimbaji mgeni kutoka Muhuru Bay, ambaye mtu fulani alidai kamwona na nyama. Ouma aliposikia jina lake likitajwa, akakimbia.

Mama yangu! Watu wote wakachomoka, nami nikachomoka. Sikumjua mtu yule, wala sikuwa nimekagua chochote. Nilijikuta niko mbele ya vijana wote, na mkononi nina jiwe ambalo mpaka leo sikumbuki nililiokota wapi. Na niseme ukweli, ingawa naona aibu: nilisikia raha.

Ouma akajikwaa kwenye kifusi cha shimo la zamani, akaanguka. Akageuka, akaniona na sare yangu.

"Asante, afande!" akasema. "Asante kwa kuja kuniokoa!"

Jiwe likaniponyoka. Nikasimama mbele yake, nikaugeukia umati.

"Kaa chini," nikamwambia. "Usikimbie tena."

Akakaa, nami nikakaa kando yake mavumbini.

"Afande, toka hapo!" kijana mmoja akafoka.

"Sitoki. Kwanza nionyesheni zizi."

Wakabaki wakihema na kutazamana. Kumpiga mtu aliyeketi si rahisi kama kumfukuza anayekimbia. Min Atieno mwenyewe ndiye aliyesema, "Jowa, jamani, mwacheni atazame kwanza."

Nyuma ya zizi nikawaonyesha alama za kucha na unyayo wa ule mguu wa mbele mkubwa. Damu ilikuwa imeburutwa mpaka kwenye shimo lililoachwa na wachimbaji, na mdomoni mwa shimo hilo palikuwa na mavi meupe na pembe za mbuzi. Min Atieno akaketi, akalia, na sidhani alikuwa akiwalilia mbuzi. Wale vijana sikuwachukia. Ningewachukiaje, nami ndiye niliyewatangulia?

Tangu hapo, kila nilipopita Muhuru, Ouma, aliyekuwa amerudi kwao, alinipa dagaa wa omena na kuwasimulia watu jinsi afande alivyowapita wote mbio ili amwokoe. Sikumsahihisha. Miaka yote hiyo jambo lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilipostaafu alikuja kwenye sherehe, akasimama, akasimulia tena. Watu wakapiga makofi. Nikashindwa kuvumilia, nikamvuta nyuma ya jiko.

"Ouma, ndugu yangu, siku ile sikuja kukuokoa. Nilikuwa na jiwe."

Akanitazama kwa huruma, akanishika mkono uleule wa jiwe.

"Mzee, jiwe nililiona. Tena lilikuwa kubwa. Ungekuwa wewe uliyeanguka pale chini, ungemwambia nini mtu mwenye jiwe?"