Tundu Nililotoboa Kwenye Kichuguu cha Mama

Siku moja ya ujana wangu bado inanisumbua, mwanangu. Keti wewe. Mimi siwezi kukaa tangu asubuhi, nilipoona tundu ulilochimba ubavuni mwa kichuguu. Usinieleze ni la nini. Mimi ndiye niliyetangulia kulichimba.

Nilikuwa nimerudi kutoka machimbo ya Salamabila na dhahabu kidogo, imeshikana na zebaki, ile tunayoita merikiri. Ilibidi ichomwe ili merikiri itoke. Upepo ulinisumbua, nikakumbuka kichuguu cha mama. Unajua kwetu Kabambare kila jamaa ina kichuguu chake cha kumbikumbi. Hicho mama alirithi kwa mama yake. Nikatoboa, nikachomea humo msimu mzima, majivu nikamwaga hapohapo. Nilijiona mjanja kweli!

Mvua ya kwanza ilipokatika, mama akaja na kikapu, akangoja. Vichuguu vya majirani vilifuka kumbikumbi. Chetu kilitoa wachache, mabawa yamekunjamana, wanatambaa tu chini. Akaingiza mkono kwenye tundu langu, akanusa.

“Ulichoma nini humu?”

“Merikiri, mama. Ni moshi tu.”

“Moshi tu? Wadudu wenyewe wameshindwa! Na dada yako iko na mimba, kila siku anakula udongo ya hapa. Weye mutoto, ulifikiri na nini?”

Kweli, dada alikuwa akimega udongo wa kichuguu na kuutafuna, kama wanawake wetu wote wenye mimba. Mtoto wake alizaliwa, lakini alichelewa sana kutembea. Je, ni moshi wangu? Sijui. Nimewauliza waganga na wauguzi, hakuna aliyenijibu ndiyo wala hapana. Naogopa mpaka leo, nakwambia.

Kumbikumbi walikaa miaka mingi ndipo wakarudi, nao si wengi. Na leo wewe unataka kuwasha moto palepale!

Sikiliza basi. Ziba tundu hilo leo, na merikiri isiingie tena kwenye kiwanja hiki. Kiumbe kidogo kikianza kufa mahali unapopata chakula, usingoje kuambiwa na mtu mkubwa. Asubuhi nimemkuta mkeo Mwamini hapo kichuguuni, anatafuna. Nimemnyang’anya bonge la udongo mkononi, akanikasirikia. Nenda ukamwambie sababu, mimi nimeshindwa.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mtoto atakayekimbia mapema, hata anishinde mbio.