Gunia Nililompa Kiilu

Usiku ule wa Jumapili sikuvua hata viatu. Nilikaa kitini nyumbani kwetu Makongeni, simu mkononi, nikimpigia mwanangu Kiilu. Kila mara naambiwa hapatikani.

Kiilu ana miaka thelathini na moja. Ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Wiki nzima ni moshi na cheche na kufokewa na wenye milango. Jumapili huenda kuvua samaki kwenye mabwawa ya mashamba ya kahawa, upande wa Ruiru. Hauzi. Nyumbani kwangu hata hatuli samaki, kwa hiyo huwapa majirani. Beth wa mlango wa pili humtania, "Kiilu, Mkamba na samaki wapi na wapi?" Naye humjibu, "Lete sufuria, auntie, maneno baadaye."

Asubuhi ya Jumapili ile alikosa cha kubebea. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, na ndoo yetu ina ufa. Nikampa gunia langu la makaa, nililonunua sokoni. Lilikuwa limeandikwa kahawa, kwa herufi kubwa. Sikuwaza, ingawa nilijua wezi walikuwa wakivunja stoo za kahawa huko, na mlinzi mmoja alikuwa ameuawa kwa panga.

Kulipopambazuka Jumatatu, Gachau, mwenzake wa kuvua, aligonga. Nguo zilikuwa na tope, sikio limepasuka, damu imekauka shingoni.

"Mama Kiilu, walinzi wa kahawa wamemshika. Waliona gunia, wakasema sisi ndio tulimkata mwenzao. Mimi niliruka kwenye bwawa, simu ikafa. Nimejificha kwenye kahawa usiku wote."

"Na yeye?"

"Walikuwa wanampiga magoti kwa rungu. Nilisikia yakivunjika."

Alinipeleka na pikipiki mpaka kwenye stoo ya walinzi, akabaki barabarani. Mkubwa wao, Bedan, alisimama mbele ya mlango wa chuma. Rungu lake lilikuwa na nywele zilizogandia damu.

"Rudi nyumbani, mama. Tunangoja polisi."

"Tangu jana?"

Mlinzi mwingine akacheka. "Mwambie tumevua samaki mkubwa!"

Ndani mtu akaguna. Nikaijua sauti.

Gunia lilikuwa chini, karibu na ukuta, mdomo umefungwa kwa kamba.

"Hilo ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa."

"Kumbe wewe ndio mkubwa wa wezi!" Bedan akanizaba kofi. Nikaanguka, jino likakatika. Lakini nilikuwa nimeangukia gunia. Nikafungua kamba, nikalipindua miguuni pake. Vumbi la makaa. Magamba. Samaki watatu walioanza kuoza, mmoja ameliwa macho na siafu.

"Nusa," nikamwambia, damu ikinitoka mdomoni. "Kahawa inanuka hivi? Nusa!"

Hakuna aliyekuwa amelifungua tangu jana.

Bedan aliinama. Akamgeuza samaki kwa ncha ya rungu, kisha akamtazama yule aliyecheka. Akatafuta ufunguo mfukoni, akaukosa, akaupata.

Mlango ukafunguka. Kiilu alitoka akitambaa kwa viwiko, magoti yakiburutwa. Ndoano yake mwenyewe ilikuwa imepenya shavu lake, na uzi wake ulikuwa bado umefungwa ndani ya stoo, umekazika.