Siku Uzi Mmoja Uliponifunga na Mama Mkwe

Zipo aibu ambazo mtu huzisahau kwa sababu walioziona ni wachache, na zipo nyingine ambazo hata ukihama mtaa zinakufuata kwa mguu. Yangu ni ya aina ya pili, kwa hiyo ni afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe kuliko kuisikia kule Kirumba, mtaa wetu wa zamani, ambako hadi leo inasimuliwa vibaya (wanasema nilivua suruali mbele ya mama mkwe wangu, si kweli, lilikuwa koti, na lilitoka mkono mmoja tu).

Nianze na jinsi mimi, mwanaume mwenye ndevu na watoto, nilivyoingia katika kazi ya kufuma. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kiwanda kilikuwa kinauzwa au kinafungwa, na kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanyia kazi kilipopunguza watu nami nikapunguzwa. Siwezi kukaa bure. Siku moja kwenye mitumba niliokota jarida la kufuma la lugha nisiyoijua, lenye picha za mikono ikionyesha hatua moja baada ya nyingine, nikanunua sindano ya kroshia, ile yenye ndoano mdomoni, nikajifundisha picha kwa picha kama nilivyojifundisha kutengeneza redio, yaani nafuma, nakosea, nafumua, narudia. Uzi niliupata kwenye sweta za mitumba zilizotoboka, ambazo nilizifumua, nikaosha uzi wake na kuuning'iniza ukiwa na jiwe mwishoni ili unyooke. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa natoa kofia za sufu, skafu na soksi.

Msiniulize nani anavaa kofia ya sufu Mwanza. Watoto wachanga wanavaa, hata jua la saa saba, kwa sababu hakuna bibi atakayekubali mjukuu atoke nje kichwa wazi; wavuvi wanaokesha ziwani wanavaa; na watu wa viwanda vya minofu ya sangara, wanaoshinda kwenye vyumba vya barafu, hao ndio walionilisha.

Lakini shemeji yangu Bonifasi, kaka wa mke wangu, mfanyabiashara wa dagaa kule Nansio, kisiwani Ukerewe, hakuitambua hiyo kama kazi. Alikuwa akisema kila penye watu kwamba dada yake Veronika achukue watoto arudi Ukerewe mpaka huyo fundi wa vitambaa apate kazi ya kiume. Veronika hakutaka kwenda, nami sikutaka aende, ila katika ukoo wao neno la mwisho ni la mama yao, na mama alikuwa bado hajalisema. Tukasikia kwamba atalisema siku atakapopita kwetu akienda uwanja wa ndege, kwani mwanawe wa mwisho aliyeko Uswidi alikuwa amepata mtoto na amemwita akamlee mjukuu, na huko ilikuwa katikati ya majira ya baridi.

"Baba Sabina," mke wangu akaniambia, "mfumie mama kofia. Akiivaa, Bonifasi atasema nini?"

Shauri lilikuwa zuri. Taabu ilikuwa kipimo. Kwetu na kwao pia, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali: hampeani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na akija upande huu wewe unahamia ule. Sasa mtu ambaye huruhusiwi hata kumtazama, kichwa chake utakipimaje? Veronika alisema kichwa cha mama ni kama chake. Mimi sifanyi kazi kwa "ni kama". Nikaamua hivi (na hapa ndipo palipoharibika, ingawa wakati huo niliona nimetumia akili sana): nitaanzia utosini, nishuke mpaka usawa wa masikio, kisha niache mzunguko wa mwisho wazi, uzi ukiwa bado umeungana na donge lake. Siku hiyo Veronika atamvalisha mama chumbani, aone inabana au inapwaya, anirudishie nimalizie. Uzi sikutaka kuukata kabisa, kwa sababu ukiukata lazima uunge, ukiunga kuna fundo, na mimi nilitaka kofia ya Ulaya isiyo na fundo hata moja.

Siku yenyewe uani kulijaa. Jirani yetu Mzee Masanja alikuja, katekista alikuja, akina mama walikuwa jikoni na sahani za wali na samaki zilikuwa zinazunguka. Mama mkwe aliingia kwa mlango wa mbele, nami kwa heshima nikatokea wa nyuma. Nilikuwa nimevaa koti langu la pekee, na donge la uzi nimelitia mfukoni ili lisidondoke kwenye vumbi. Veronika akaja akachukua kofia. Kitanzi cha mwisho nilikuwa nimekishika kwa pini ya nepi, nikamwambia amvalishe mara moja na kuirudisha, nikawa namwachia uzi polepole, unatoka mfukoni kwangu, unapita kwenye vumbi la uani, unaingia mlangoni, kama mtu anayeshusha mshipi majini. Uzi ulikuwa wa kijivu, rangi ya vumbi. Hakuna aliyeuona.

Mambo mawili yalitokea ambayo sikuyapanga. La kwanza, Veronika aliona ile pini itamchoma mama sikioni, akaitoa. La pili, mama aliipenda kofia. Ilimkaa sawasawa, akajitazama kwenye kioo, akakataa kuivua, akatoka nayo uani ili watu wamwone kabla hajasafiri.

Watu wakashangilia. Mimi nilisimama karibu na mpapai, nimefurahi kwa muda mfupi sana, kisha nikakumbuka kwamba kichwa cha mama mkwe na mfuko wangu vimeunganishwa na uzi mmoja.

Nikatia mkono mfukoni nilitoe donge nilitupe chini kimyakimya. Mfuko ulikuwa na tundu. Donge lilikuwa limepenya tundu likaingia kwenye bitana, huko nyuma karibu na kiuno, likakwama, na uzi haukuachia tena. Na wakati huohuo mama akaanza kuwazungukia wageni kuwaaga.

Hebu fikirini hali yangu. Mama anakuja kushoto, adabu inanitaka nihamie kulia. Nikihamia kulia, uzi unakaza, na ule mzunguko wa mwisho wa kofia, ambao hauna pini, unafumuka. Mama akiniona nimesogea, yeye naye kwa adabu anageuza njia, apite upande mwingine, nami inanibidi nirudi nilikotoka, uzi unazunguka mtu mwingine na kofia inafumuka tena. Kadiri tulivyozidi kuheshimiana ndivyo tulivyozidi kuwafunga watu. Kwanza tuliwafunga wale wa benchi la mbele miguuni, kisha meza ya soda, kisha Mzee Masanja, ambaye alikuwa na sahani mkononi na hakujali chochote isipokuwa kichwa cha samaki. Mama alihisi kitu kinamvuta utosini, nilimwona akishika kofia na kuirudisha chini. Alidhani ni wajukuu.

Kumwita nisingeweza. Mtu hamwiti mama mkwe wake uani kama anayeita muuza karanga. Ilitakiwa nimtume mtu, nikamnong'oneza Mzee Masanja amwambie Veronika amwambie mama asimame.

"Asimame kwani amekaa?" Mzee Masanja akauliza, kwa sauti ambayo hata wale wa jikoni waliisikia.

Hapo shemeji Bonifasi naye alikuwa ameinuka kutoa hotuba. Alianza kwa kumtakia mama safari njema, akapita kwenye hali ya maisha, akafika kwangu. Alisema kuna wanaume wanaovua, wanaolima, wanaochimba, na kuna wanaokaa na vitambaa mapajani, na kwamba mama asiondoke bila kusema kama dada yao atarudi Nansio au atabaki hapa kula uzi. Watu wakamgeukia mama.

Nikaangalia kichwa chake. Kofia ilikuwa imepanda juu ya masikio na inaendelea kupanda. Nikaona liwalo na liwe, nivue koti, nilitupe, uzi ulegee. Nikatoa mkono mmoja. Kutoka jikoni mama mmoja akasema, bila kupaza sauti sana lakini waziwazi:

"Jamani, mkwe anavua nguo."

Enyi mliooa mtanielewa. Mwanaume kuvua nguo mbele ya mama mkwe ni laana ambayo huondolewa kwa mbuzi. Katekista aligeukia ukutani. Akina mama walijifunika nyuso kwa kanga (si zote zilizofunika macho). Mimi nikaurudisha mkono haraka, nikakosea njia, nikauingiza kwenye tundu la bitana badala ya mkono wa koti, na hapo nikawa mtu aliyefungwa na koti lake mwenyewe. Nilifanya jambo pekee lililobaki, nikakimbia kuelekea nyuma ya lile jiwe letu kubwa la kuanikia nguo.

Sikukumbuka kwamba nilikuwa nimefungwa pamoja na ua mzima. Uzi wa sufu ukizungushwa mara nyingi haukatiki kirahisi. Meza ya soda ilinifuata hatua kadhaa kabla ya kuanguka. Benchi la mbele lilisimama lote kwa pamoja na kukaa tena kwa pamoja. Bonifasi alikuwa bado amenyoosha kidole akisema neno "mwanaume", uzi ukamkusanya miguu, akakaa chini taratibu ndani ya beseni la maji ya kuoshea vyombo, kidole kikiwa bado juu. Mzee Masanja alizunguka mara moja mahali pale alipokuwa amesimama na hakumwaga hata punje ya wali.

Na kofia ikafumuka yote, ikabaki kile kiduara cha kuanzia, kikubwa kama kisosi, kimekaa juu ya mvi za mama mkwe.

Nilijibana nyuma ya jiwe nikisikiliza. Nilitegemea kelele, nikasikia vicheko vidogo vinavyozuiwa. Baadaye Veronika alinieleza kilichokuwa kikitokea. Mama alishika utosi, akakitoa kile kiduara, akakitazama, akauona uzi. Akaanza kuukunja mkononi, akiufuata ulikopita: akapita chini ya benchi, akazunguka meza, akamwomba Mzee Masanja ainue mguu, akamkuta mwanawe kwenye beseni akaufungua miguuni kwake bila kumwinua, akaendelea kuja, anakunja, anakuja, mpaka uzi ukaishia kwenye jiwe.

Nikaona kivuli chake. Nikageuza uso, na kwa namna kivuli kilivyokaa nikajua naye amenipa mgongo. Akasema na jiwe, kama adabu inavyotaka.

"Jiwe, mwambie huyo aliye nyuma yako kwamba kofia ilipokuwa nzima ilinikaa vizuri, na huko niendako bila kofia nitakufa."

"Jiwe," nikasema, "mwambie nimesikia, na nitaifuma upya."

"Mwambie kipimo hiki hapa." Akakata uzi kwa meno, akaweka kipande chake juu ya jiwe, kimefungwa fundo pale kilipozunguka kichwa chake. Kipande kama hicho angeweza kukileta mtu yeyote aliyepanda meli kutoka Nansio, wakati wowote, laiti ningemtuma mtu kumwomba. Miezi yote ile ya kujifundisha, na hilo halikunijia akilini.

"Na la Veronika?" nikauliza. Sauti yangu haikutoka vizuri, kwa sababu donge lilikuwa linanibana mbavuni na kwa sababu ndilo neno nililokuwa naliogopa tangu alfajiri.

Mama mkwe alimalizia kukunja uzi.

"Jiwe," akasema, na safari hii aliinua sauti ili Bonifasi naye asikie, "Veronika anabaki hapa. Mtu wa namna hii hawezi kuachwa peke yake na uzi."

Uani kukalipuka vicheko, vile vilivyokuwa vimezuiwa vyote vikatoka pamoja, na nadhani chake kilikuwemo.

Kofia niliimaliza uwanja wa ndege, maana ndege za siku zile hazikuwa na haraka. Mimi nilikaa kwenye benchi moja naye kwenye jingine, tumepeana migongo, Veronika katikati ananishikia donge. Nilipofika mwisho niliukata uzi mbele ya watu wote, kwa mkasi wa kuazima, na nikafunga fundo. Fundo kubwa. Lilionekana.

Mbuzi nilitoa, Bonifasi alihakikisha. Na tangu siku hiyo niliapa kwamba hakuna kitu kitakachotoka mikononi mwangu kabla sijakata uzi, hata kikiwa cha rais. Siku hizi mabinti zangu wawili wameolewa, na kila mmoja wa wakwe zangu, kabla hata ya posa kumalizika, nilimpelekea kwa mkono wangu mwenyewe kipande cha uzi chenye fundo, kipimo cha kichwa cha mke wangu, mama mkwe wao. Hawakuniomba. Walikipokea wakashukuru, na kwa jinsi walivyotazamana na wazee wao, najua wanadhani ni mila.