Darasa la Sita Lisilo na Mlango

Kwa miaka mitano mfululizo sisi ndio tulikuwa wakubwa wa shule, na vichwa vilituvimba kweli. Shule yetu ya sekondari, kilimani pembeni mwa Butembo, ilianza na darasa moja, na sisi ndani yake. Kila tulipomaliza mwaka, wazazi walijenga darasa lingine, na likizo yote tulibeba matofali ya chumba ambacho tungekalia Septemba. Darasa langu nililijua kwa shingo kabla sijalijua kwa macho.

Likabaki la sita, la mwisho, lile la kufanyia mtihani wa serikali. Inspekta wa elimu angekuja Jumatatu kuliangalia. Akilikubali, tunaendelea, akilikataa, tunangoja mwaka mzima. Wenzangu wangengoja. Mimi baba alikuwa ameshaniambia kwamba mwaka wa kukaa bure hana: nitateremka ziwani, Kyavinyonge, kwa shangazi nikauze samaki. Shangazi nampenda, na samaki namla mpaka kichwa, lakini nililia siku mbili.

Wiki hiyo kilima kizima kilitoka salongo, yaani kazi ya pamoja. Wakatoliki walichukua kuta mbili, Waprotestanti kuta mbili, na wakashindana kama wendawazimu. Kwaya huku, kwaya kule, matofali yanaruka kutoka mkono hadi mkono, mama zetu wanapiga vigelegele kila mstari unapokamilika. Watu waliingia na kutoka kwa madirisha, maana ndiko zilikokuwa ngazi. Jumamosi jioni mabati yalikaa juu, tukacheza mpaka viatu vikatutoka miguuni.

Jumatatu inspekta akafika na pikipiki, suti safi, tai nyekundu. Akalizunguka jengo mara moja. Akalizunguka mara ya pili, polepole zaidi.

“Mulango iko wapi?”

Halafu mama mmoja Mkatoliki akawanyooshea kidole Waprotestanti.

“Bale ndio balipashwa kuacha mulango!”

“Sisi? Lakini ni ninyi muko upande wa barabara!”

Kumbe kila upande ulikuwa umewaachia wenzao mlango. Kuwauliza kungekuwa kama kuwadharau, basi hakuna aliyeuliza. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, nikasahau kwamba yanayochekwa ni maisha yangu.

Inspekta akafunga kalamu yake. “Darasa bila mulango, hapana darasa. Nitarudia mwaka ingine.”

Nikaacha kucheka. Nikamtazama baba. Yeye alikuwa fundi wa ukuta wa barabarani, na Jumapili nzima alikuwa amewaburuta watu baada ya misa waje waone jinsi ulivyonyooka.

“Monsieur l'inspecteur, ungojee kidogo,” akasema, akachukua sululu.

Akapiga chini ya dirisha. Pu! Tofali la kwanza likaanguka, la pili, la tatu. Udongo ulikuwa bado mbichi, ukaachia kirahisi. Kwaya zote mbili zikaanza kuimba, kila moja wimbo wake. Mavumbi yalimrukia inspekta mpaka tai ikabadilika rangi, lakini hakuondoka. Dirisha likashuka, likashuka, mpaka likagusa ardhi.

Baba akageuka, mavumbi mpaka kwenye kope. Hakumtazama inspekta. Alinitazama mimi, binti yake.

“Ingia, mama. Ukae.”

Nikaingia mbio, nikaketi chini kabisa, katikati ya matofali yaliyovunjika, na moyoni nikaapa kwamba atakayetaka nitoke anibebe.

“Mulango iko,” nikamwambia inspekta. “Na mwanafunzi iko.”

Alicheka, yule mtu. Alicheka mpaka akakohoa, akatoa karatasi ya ruhusa mfukoni, akatafuta pa kuiweka. Meza haikuwapo. Baba akainama, akashika magoti, na inspekta akatia sahihi juu ya mgongo wake.