Msalaba wa Papa Muongo

Jirani yangu alinigongea dirisha asubuhi. "Papa Muongo amekufa." Nikajibu bila kufikiri, "Weye, usinidanganye." Kwa msomaji asiye wa Bunia: huyo ndiye aliyekuwa akiandika michezo ya kuigiza ya televisheni yetu ya hapa mjini, na humo yeye mwenyewe akawa mume anayemdanganya mkewe kila juma.

Wachache wanajua kwa nini alijitwika nafasi ile. Waigizaji wake wote walitaka kuwa pasta au chefu wa kijiji. Nani angekubali kuwa mwongo huku kanisa zima likimtazama? Basi akaichukua yeye, na akaicheza vizuri mno. Siku moja tulikuwa pamoja sokoni Mudzipela, mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, akamfokea: "Weye! Ulimudanganya bibi yako tena. Hauna haya?" Akainamisha kichwa. "Pole mama, nitajirekebisha." Tulipoachana na yule mama, Papa Muongo alikuwa hoi kwa kicheko. "Akinikasirikia," akaniambia, "kazi imefika."

Juzi, makaburini, seremala akaleta msalaba. Ulikuwa umeandikwa vizuri kwa rangi nyeupe: PAPA MUONGO. Hatukushtuka. Mimi pia sikushtuka, na hilo ndilo linaloniuma. Aliyeshtuka ni mjane wake. "Muliandika nini apa? Muongo ilikuwa kazi. Bwana yangu iko na jina!" Akalia hata asiweze kuendelea. Seremala wa watu akatugeukia sisi: "Basi jina yake ni nani, tuandike?" Pasta akamtazama mwalimu, mwalimu akanitazama mimi. Nimeketi uani kwa marehemu, nimekula ugali wake, nimemsifu katika safu hii mara nyingi. Nikatazama viatu vyangu.

Najua tutakavyojitetea. Hapa Ituri jina la mtu linasema ametoka wapi na ni wa nani, na tumepitia miaka ya vita ambayo jibu hilo liliweza kumuua. Kwa hiyo tumejifunza kutoulizana. Tunaitana Papa fulani, Mama fulani, na tunasema ni heshima. Safu hii nayo haitaji watu kwa majina, nami nimejivunia jambo hilo. Lakini kunyamazia jina la mtu ili asidhurike si sawa na kutolijua kabisa. Niliona haya pale kaburini, na hadi sasa ninaona haya, kwani tulikuwa tayari kumzika mtu mkweli chini ya neno Muongo, tena kwa nyimbo.

Mjane alipotulia akalitamka mwenyewe jina lote, polepole. Seremala akaugeuza ubao, akaandika upande wa pili, mimi nikimshikia kopo la rangi. Sitaliandika hapa, kama ilivyo desturi yangu. Lakini sasa ninalijua. Muulizeni jirani jina lake angali anaweza kuwajibu mwenyewe. Mkishalijua, ndipo mumfichie.